Hospitali Tupu na Deni la Wapagazi



Mtu atokaye bara akafika bandarini Unguja huliona mara moja jumba moja refu lililoelekea baharini, lenye baraza za mbao zilizonakshiwa na vioo vya rangi. Watu huliita Zahanati ya Zamani. Wengi wetu wa Tabora hulitazama kama kitu cha kigeni, kisha tukapita. Leo twataka kuonyesha ya kuwa jumba hilo latuhusu sisi kuliko majumba mengi yaliyo hapa kwetu.

Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 na Tharia Topan, tajiri wa Kihindi mwenye asili ya Kutch, aliyefika Unguja akiwa kijana akainuka hata akashika forodha ya Sultani. Alikusudia iwe hospitali ya maskini, ukumbusho wa miaka 50 ya kutawala kwake Malkia Victoria wa Uingereza. Kusudi lilikuwa jema. Lakini yatupasa kuuliza fedha zilitoka wapi. Tharia Topan alikuwa mkopeshaji wa misafara. Ndiye aliyemkopesha Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makao papa hapa Tabora. Nguo, shanga na baruti zilipanda bara. Pembe za ndovu zikateremka pwani, na pamoja nazo watumwa. Na pembe haina miguu.

Wazee wetu Wanyamwezi ndio waliokuwa miguu yake. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70, begani, kwa mwendo wa miezi mitatu hivi kati ya Tabora na Bagamoyo. Anayepita leo mtaani Chemchem, chini ya miembe, jina lenyewe na limkumbushe maji, akafikiri maji yalikuwa nini kwa mtu aliyetembea hivyo. Mpagazi alipopatwa na ndui au kuhara damu njiani, mzigo wake uligawanywa kwa wenzake siku ile ile, maana mzigo ulikuwa na mwenyewe aliyeuhesabu. Yeye hakuhesabiwa. Akiwa na bahati aliachwa kijijini penye watu wa huruma. Akikosa bahati aliachwa chini ya mti, na kirangozi akaendelea mbele na msafara. Hospitali iliyotoka katika jasho lake ilijengwa ng'ambo ya bahari, mahali ambapo wengi wa wapagazi hawakufika kamwe.

Hatusemi kwamba sadaka husafisha fedha zilizopatikana kwa namna hii. Wala hatuidharau sadaka yenyewe, kwa kuwa mwenye homa haulizi dawa ilinunuliwa kwa pembe au kwa pamba. Mungu ndiye ajuaye kuyapima hayo mawili.

Basi tulitazame lililolipata lile jumba. Tharia Topan alikufa mwaka 1891 bila kuliona limekwisha. Mjane wake aliiendeleza kazi, nalo likamalizika mwaka 1894. Baadaye likanunuliwa kwa mali ya mfanyabiashara mwingine, Haji Nasser Nurmohamed, likawa zahanati ya sadaka, chini dawa na juu wapangaji, na kwa miaka mingi maskini wa mji walitibiwa pale. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 waliokuwa wakilitunza waliondoka. Jumba likaingia mikononi mwa serikali, likakaa bila matunzo, mvua ikapenya, mbao zikaoza. Katika miaka ya 1990 wakfu wa Aga Khan ulilitengeneza upya kwa ufundi mkubwa, na leo lapendeza macho. Lakini mgonjwa hapelekwi tena huko.

Mtakatifu Luka ametuhifadhia mfano wa mtu aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi njiani kwenda Yeriko. Mahubiri yetu hukaa sana juu ya kuhani na Mlawi waliopita kando, na juu ya Msamaria aliyeshuka katika mnyama wake. Mara chache twamtazama mwenye nyumba ya wageni. Msamaria alitoa dinari mbili, akaahidi kurudi, akashika njia yake asubuhi. Mwenye nyumba ndiye aliyebaki na majeraha yale, akachemsha maji, akafua nguo zenye damu, akaamka usiku aliposikia mtu analia. Dinari mbili peke yake zisingalimponya mtu yule. Na kule Unguja watoaji walikuwapo, tena zaidi ya mmoja. Aliyekosekana mwishoni ni mwenye nyumba.

Hapa kwetu hali ni ile ile. Tuna zahanati vijijini, hatutazitaja, ambazo paa lilitolewa na wafadhili wa mbali na kitanda kikatolewa na wafadhili wengine, nasi wenyeji tumeshindwa hata kufyeka majani mlangoni au kumpatia mganga nyumba isiyovuja. Siku atakapofunga mlango na kuondoka tutasema kwamba tumeonewa. Ndugu zetu, tusiseme hivyo.

Kulikuwa na tajiri mwingine wa njia ile ile, Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kuipatia misafara bidhaa na wapagazi. Alikufa mwaka 1897, akaacha mali kwa ajili ya hospitali na shule. Hospitali yenye jina lake ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka huo huo, ikahudumia Waafrika na Wahindi mpaka miaka ya 1950, ilipojengwa ile kubwa tunayoiita Muhimbili. Jina lilihamia huko. Hata leo mgonjwa wa Tabora, akipewa barua na kusafirishwa kwa ile njia ya babu zake, aweza kulazwa Muhimbili katika jengo la Sewahaji, asijue ya kuwa amelala chini ya jina la mtu aliyewaandika babu zake upagazi. Twamwombea apone, na pamoja naye twamwombea muuguzi anayekesha karibu na kitanda chake.