Fundi wa Kipevu, Uzamili ni Wako

Wewe unayefunga jipsamu Changamwe mchana, na usiku unachora jikoni za wateja kwenye simu, nasema nawe. Usikubali kuambiwa shahada ya uzamili ni ya wahadhiri. Mkono unao. Randa huendi kufundishwa huko. Unakwenda kupata muda wa kulishika swali moja mpaka likupe jibu ambalo hakuna mwenzako analo.

Na maswali yamejaa Kipevu. Tazama makontena yanayogeuzwa ofisi na maduka. Lile la futi 20 lina urefu wa mita 5.9 kwa ndani na upana wa mita 2.35 tu. Saa saba mchana, jua likishakichoma kile chuma, mteja anaaga kabla hajaketi. Fundi wa kubahatisha atapigilia mbao, aning'inize feni, alipwe, aende zake. Aliyesomea utafiti atauliza joto linapitia wapi, upepo utoke upande gani, na chumba chembamba namna hii kikaliwe vipi na watu wanne.

Jibu, au nusu yake, liko Lamu. Vyumba vya nyumba za mawe za kule ni virefu na vyembamba, havifiki mita tatu kwa upana, kwa sababu boriti za mikoko hazivuki zaidi ya hapo. Wazee wetu hawakulalamika. Walipanga misana, yaani kumbi ndefu, ikafuatana mpaka ndani, wakaacha kiwanda, ule ua wa ndani, kilete mwanga na hewa, na ukuta wa mwisho wakaujaza zidaka, vile vishubaka vya chokaa, jicho likifika pale lidhani nyumba bado inaendelea. Huo ndio usanifu wa ndani, na ni wetu!

Lakini ni nani walioyapima haya na kuyaandika? Usam Ghaidan, msanifu majengo aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, alichapisha kitabu chake kuhusu mji wa Lamu mwaka 1975. Linda Donley naye alizifanyia nyumba za Waswahili tasnifu ya udaktari kule Cambridge. Nawashukuru wote wawili. Ila inanichoma kwamba wa kutajwa nao kutoka Changamwe simjui. Wewe haikuchomi?

Najua karo ni mzigo, na mwenye diploma hana budi kupitia shahada ya kwanza. Pitia! Chuo Kikuu cha Nairobi kinatoa uzamili wa usanifu, na treni ya kwenda huko inaondokea Miritini, hapo jirani.

Kesho adhuhuri chukua futi kamba na kipimajoto, ingia kontena la rafiki yako, andika namba ukuta kwa ukuta, mlango ukiwa wazi na ukiwa umefungwa. Namba hizo zitangulize kwenye barua yako ya maombi, kabla hujaandika hata umesoma shule gani.