Binti Anapoomba Ruhusa ya Kwenda Hija Ng'ambo



Jumapili moja baada ya Misa ya pili, pale Matinyani, mume na mke walinisubiri chini ya mwembe. Walikuwa wamesimama hatua tano mmoja mbali na mwingine, na hilo peke yake lilinieleza shida yao kabla hawajafungua midomo. Binti yao wa kwanza, ambaye nitamwita Mwende ingawa silo jina lake, alikuwa ametoka kwenye mkutano wa vijana na habari moja tu: Siku ya Vijana Duniani, iliyopangwa kufanyika Seoul, Korea ya Kusini, tarehe 3 hadi 8 Agosti 2027. Kufikia siku hizo atakuwa na miaka 17. Alitaka kwenda.

Baba alikuwa amekwisha kuamua. "Padre, nina madume mawili, na ndengu mwaka huu si mbaya. Pesa zitakazopungua tutaita harambee."

Mama alitazama chini. "Na karo ya wale wadogo, Baba Mwende? Na mtoto akipotelea huko, mimi nitamtafuta kwa barabara gani?"

Kumbe maneno hayo walikuwa wakirudishiana kila usiku kwa majuma matatu, naye Mwende akiyasikia yote kupitia ukutani. Mwishowe aliacha kula nao chakula cha jioni.

Sikuwajibu siku ile. Niliwatuma wakasome nyumbani, wawili pamoja, Kitabu cha Tobiti, sura ya 4 hadi ya 11. Nanyi wasomaji nawaomba mfanye vivyo hivyo, kwa maana sijui kitabu kingine katika Biblia kinachotuonyesha waziwazi namna ile ugomvi wa baba na mama juu ya safari ya mtoto.

Tobiti ni kipofu, ni maskini, anaishi uhamishoni Ninawi. Anakumbuka fedha aliyoiweka akiba kwa jamaa mmoja huko Rage, nchi ya Media, naye anamtuma mwanawe wa pekee, Tobia, kwenda kuichukua. Siku ya kuondoka, Ana mama yake analia. Anamuuliza mumewe kwa nini amemtuma mtoto wao aliye tegemeo lao, na anaona kuwa fedha haifai kitu mbele ya uhai wa mwana. Tobiti anamtuliza, naye ananyamaza. Lakini Tobia anapochelewa, nyumba inawaka tena. Mume anamwambia mkewe asihangaike. Mke anamjibu anyamaze yeye, asimdanganye. Kila siku anatoka kuitazama ile njia aliyoipita mwanawe, na usiku hapati usingizi.

Je, Ana alikosa imani? Wahubiri wengine husema hivyo, nami sikubaliani nao. Mama yule aliuliza swali la haki: safari hii ni kwa ajili ya nini hasa? Na Tobiti naye si baba mzembe. Kabla ya kumwachilia mtoto alimwita yule mwandani wa safari, akamuuliza kabila lake, ukoo wake na jina la baba yake, wakapatana na ujira wa kila siku. Hakujua kuwa anamhoji malaika Rafaeli. Basi ikiwa malaika alihojiwa, kwa nini ninyi muone haya kumhoji kiongozi wa msafara?

Mwulizeni: ni nani atakayelala chumba kimoja na binti yetu? Je, kuna mama mtu mzima atakayewaangalia wasichana? Ni nani atakayeshika pasipoti? Mtoto akiugua usiku, ni nani atakayetupigia simu? Barua ya paroko iko wapi, na je, ofisi ya vijana ya jimbo inaujua msafara huu? Mtu akijibu kwamba maswali hayo ni dalili ya kutomwamini Mungu, mwacheni aende zake na pesa zenu zibaki nyumbani. Pasipoti ya mtoto aliye chini ya miaka 18 hutaka cheti chake cha kuzaliwa na idhini ya wazazi, nami nasema ni neema kwamba serikali yenyewe inawataka baba na mama waseme wazi. Wazazi wasitie sahihi karatasi kama hiyo wakiwa wamenuniana.

Majuma mawili baadaye walirudi, safari hii wakasimama karibu. Mama ndiye aliyelitoa jambo lililokuwa limefichika. "Padre, mwambie Padre ulivyoniambia," alimwambia mumewe. Baba alikohoa. Kumbe alikuwa na tumaini kwamba Mwende akifika huko asirudi. Kuna kazi, alisikia. Angetuma pesa, awasomeshe wadogo zake.

Simlaumu kwa haraka. Anayezijua kiangazi za Kitui, mwaka hadi mwaka, anajua baba anawaza nini akitazama ghala tupu. Jambo hili pia halikuanza Matinyani. Mwaka 2023, Siku ya Vijana ilipofanyika Lisbon, ilitangazwa kwamba mahujaji kadhaa waliotoka Angola na Cape Verde hawakuonekana katika jimbo la Ureno walikopangiwa kukaa. Lakini nilimwambia baba yule ukweli: Msichana wa miaka 17, bila karatasi, bila lugha, bila shangazi, anaokotwa na nani? Na wale vijana watakaoomba viza mwaka ujao kwa jina la parokia, watajibiwa nini? Zaidi ya yote, umemwekea mtoto uongo ndani ya mkoba, naye atapiga magoti mbele ya Ekaristi akiubeba. Wanakijiji watoe senti zao katika harambee wakidhani wanampeleka mtu kusali?

Alinyamaza muda mrefu. Mkewe akamshika mkono, jambo ambalo wazee wetu hawalifanyi mbele za watu.

Kisha niliwasimulia juu ya Korea yenyewe, maana watu hudhani vijana wanaalikwa kuona majumba marefu. Mwaka 1836, Wakristo wakiwindwa nchini humo, vijana watatu walitumwa kwa siri hadi Macau, mbali kupita China nzima, ili wakasomee upadri. Mmoja, Andrea Kim Taegon, alikuwa na miaka 15. Mmoja wao alikufa kwa homa huko Macau mwaka uliofuata. Baba yake Andrea aliuawa kwa ajili ya imani mwaka 1839, mtoto akiwa bado ng'ambo. Andrea alipata upadrisho mwaka 1845, na mwaka 1846 akakatwa kichwa, akiwa na miaka 25. Kabla ya kufa alimwandikia askofu wake, akimwomba amtunze mama yake, Ursula. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mtakatifu mjini Seoul mwaka 1984, pamoja na wenzake 102.

Mama Mwende alisikiliza, kisha akauliza jambo moja tu: yule Ursula, alijua mwanawe alikuwa akienda kufanya nini? Nikamjibu kwamba yeye na mumewe walikuwa Wakristo wakati ambapo kuwa Mkristo ni kujichimbia kaburi, nadhani walijua.

Hatukukata shauri la Seoul siku ile. Niliwashauri waanze na karibu: Namugongo, Uganda, tarehe 3 Juni, kwa basi, pamoja na wanawake wa parokia. Huko alichomwa moto Kizito mwaka 1886, akiwa na umri wa miaka kama 14, mdogo kuliko Mwende. Ni wakati wa masomo, kwa hiyo ruhusa ya shule iombwe mapema, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano kisisahaulike. Huko wataona kama binti anajua kuamka alfajiri, kulala chini, kutii kiongozi, kutunza pesa kidogo. Na kwa wale wasio na madume ya kuuza, wakumbuke kwamba Siku ya Vijana huadhimishwa pia katika kila jimbo, Sherehe ya Kristo Mfalme, ambapo nauli ni ya matatu tu.

Basi wakamwita Mwende aje pale chini ya mwembe, aambiwe na wote wawili kwa pamoja. Baba ndiye aliyesema kwanza. Alimwomba binti yake msamaha kwa zile kelele za usiku, kisha akamwambia kuhusu Namugongo. Msichana akamgeukia mama yake, akauliza kama jioni hiyo kuna muthokoi.