Ua la Siku Moja

Wengi wetu twadhani kwamba kudumu ni kukaa muda mrefu. Wakorea wana ua lifundishalo neno jingine.

Ua hilo laitwa mugunghwa, maana yake ua lisilo na mwisho. Ni la jamaa ya hibiskusi. Lakini litazame: asubuhi lachanua, na jioni limekwisha kusinyaa. Mbona basi laitwa hivyo? Kwa sababu kesho yake matumba mengine yafunguka juu ya mti uleule, na vivyo hivyo siku kwa siku, tangu mwezi wa saba hata wa kumi. Ua hufa, kuchanua hakukomi.

Wajapani walipoitawala Korea, tangu 1910 hata 1945, Mkristu mmoja, Namgung Eok, alikuza miche ya mugunghwa huko Hongcheon, akawagawia watu, wasisahau taifa lao. Mwaka 1933 alikamatwa, na miche yake ikaharibiwa. Alikufa mwaka 1939, asiuone uhuru. Je, kazi yake ilikuwa bure? Sivyo. Leo ua lilelile limo katika nembo ya Korea ya Kusini.

Ndugu msomaji, nani kati yetu ataona mwisho wa kazi yake? Mwalimu hufundisha, mzazi hulea, kisha jioni yaja. Hatukuagizwa kuwa mti mzima. Tumba linalokataa kufunguka kwa kuwa siku ni fupi, hilo ndilo lafa bure. Tuchanue leo, kesho ni ya Mungu, naye hakosi matumba.