Usiitikie Tu, Taja Jina

Mwanzoni mwa Novemba 2007 vijana wawili walikuwa wamelazwa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, wakisubiri kupasuliwa. Mmoja alikuwa na goti bovu, mwingine alikuwa na ugonjwa wa kichwa. Majina yao ya kwanza yalifanana. Siku ya upasuaji, wa goti akapasuliwa kichwa na wa kichwa akapasuliwa mguu. Yule aliyekuja kutibiwa kichwa alifariki siku chache baadaye. Mwenzake alipata madhara yaliyolazimu apelekwe India kwa matibabu.

Nchi nzima ilishtuka. Kila kijiwe kikauliza nani awajibishwe, na kuuliza hivyo ilikuwa haki. Ila baada ya kelele kupoa, lilibaki swali jingine lisilo na mshindo: kutoka wodini hadi kwenye meza ya upasuaji kuna mikono mingi, sasa ilikuwaje mgonjwa apite mikono yote hiyo na kosa lisionekane? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Vijana hawa hawakuficha maradhi. Waliyaeleza, yakaandikwa, yakaingia kwenye faili. Kilichopotea njiani ni uhakika kwamba faili hili ni la mtu huyu.

Sisi wa wilaya ya Iramba tunakihitaji kisa hiki kuliko tunavyodhani, kwa kuwa majina yetu yanajirudia. Simama mbele ya benchi la wagonjwa popote wilayani, Kiomboi, Ndago au Shelui, uite "Mkumbo!" au "Kitundu!" uone wangapi watainua kichwa. Ongeza majina ya ubatizo, ambayo nayo ni yaleyale kutoka usharika mmoja hadi mwingine.

Sasa mchukue bibi aliyetoka kijijini alfajiri kwa bodaboda. Nyumbani anazungumza Kinyiramba, Kiswahili cha hospitali kinampita nusu, na sikio moja limechoka. Muuguzi anatokeza mlangoni: "Bibi, wewe ndiye Mkumbo?" Bibi anajibu, "Ndiyo, mwanangu." Angeulizwa kama amekunywa chai angejibu hivyohivyo. Amelelewa kumwitikia mwenye kazi yake bila ubishi, na ndiyo yake ni ya adabu. Muuguzi naye, mwenye foleni inayofika nje ya veranda, anaipokea kama taarifa. Hapo kosa limeshapata mlango, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Dawa yake haigharimu hata shilingi moja. Muuguzi aulize, "Bibi, unaitwa nani, majina yako matatu? Unatoka kijiji gani? Umekuja kutibiwa nini?" Maswali hayo hayajibiki kwa ndiyo. Bibi atalazimika kutoa habari, na habari hiyo italinganishwa na kilichoandikwa kwenye daftari au faili.

Huu si ubunifu wangu. Miezi ileile ambayo Tanzania ilikuwa ikilia juu ya Muhimbili, hospitali nane duniani zilikuwa katika utafiti wa Shirika la Afya Duniani, na mojawapo ilikuwa yetu: Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Zilijaribu orodha ya mambo 19 ya kuhakiki katika vituo vitatu: kabla ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Mwanzoni kabisa mwa orodha hiyo, mgonjwa mwenyewe anathibitisha jina lake, sehemu inayopasuliwa na upasuaji anaofanyiwa. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Katika hospitali hizo kwa jumla, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Tofauti hiyo iliambatana na karatasi moja na watu waliokubali kuulizana kwa sauti.

Atatokea mtu aseme: hayo ni ya hospitali kubwa, hapa Kiomboi tunafahamiana. Ni kweli, muuguzi wa hapa anaweza kumjua mgonjwa, shangazi yake na shamba lake la alizeti. Lakini kufahamiana ndiko kunakomfanya mtu asiulize. Anaona sura anayoijua na mkono unakwenda kwenye faili analolidhania. Tena, mgonjwa huyo akipewa rufaa kwenda Singida mjini, na kutoka huko Dodoma au Dar es Salaam, kila hatua inapunguza wanaomjua, mpaka anafika mahali ambapo utambulisho wake wote ni karatasi. Asiyezoea kutaja jina lake nyumbani hataanza kulitaja ugenini, mbele ya makoti meupe asiyoyajua.

Kinachotufunga midomo ni woga wa kuitwa mjuaji. "Kwani wewe unajua kuliko daktari?" Kauli hiyo imenyamazisha wagonjwa wengi. Jibu lake lipo, na linasemeka kwa heshima zote: "Hapana dokta, ugonjwa unaujua wewe. Mimi nimekuja na jina langu na goti la kulia." Daktari amesomea goti miaka mingi. Lakini kwamba goti hilo ni la kulia, na kwamba ni la fulani bin fulani, mwenye goti hana wa kumzidi.

Basi wewe unayekwenda hospitali, au unayemsindikiza mgonjwa, shika haya. Taja majina matatu kila unapobadilisha mkono: mapokezi, maabara, dirisha la dawa, mlango wa upasuaji. Ukipewa dawa, uliza ni ya nini kabla hujaondoka dirishani. Ukiambiwa ni ya presha nawe umekuja kwa kikohozi, usiondoke. Kama mgonjwa ni mtoto, ni kiziwi, hajui Kiswahili au amepoteza fahamu, wewe unayemuuguza ndiye ulimi wake. Usiende kununua maandazi wakati anaitwa.

Nawe mtoa huduma, mzigo wako ni mzito zaidi, kwa kuwa mgonjwa aliyelazwa usingizi hawezi kujitetea. Uliza hata unayemfahamu. Uliza hata kama mwenzako ameshauliza. Swali linalorudiwa mara tano linachosha, nalo ni nafuu kuliko kilio cha Novemba ile.

Mgonjwa, ukimkuta anayekunja uso kwa sababu umetaja jina lako bila kuulizwa, mwombe radhi, kisha ulitaje tena.