Rangi Moja, Ndimi Nyingi

Rangi ya ngozi inaweza kutueleza nani alidhulumiwa na nani alineemeka kwa dhuluma hiyo. Haiwezi kutueleza nani ni mwenzetu. Hayo ni maswali mawili, na anayeyachanganya huishia ama kumkumbatia mtu asiyemjua, ama kumkana mtu aliyekua naye kijiji kimoja.

Tanganyika ilikabiliwa na swali hili hata kabla ya bendera kupandishwa. Oktoba 1961, katika mjadala wa sheria ya uraia, wapo wabunge waliotaka uraia uwe wa Waafrika weusi peke yao. Nyerere alisimama kuwapinga, akasema yuko tayari kujiuzulu kuliko kugawa haki kwa rangi. Hasira ya wabunge wale ilikuwa na sababu: walikuwa wamekulia chini ya utawala uliompangia kila mtu shule na hospitali kwa rangi yake. Lakini uchungu wa kweli hauifanyi hoja kuwa sahihi. Mtu akitumia rangi kuamua nani ana haki na nani hana, amekwisha kukubali kipimo cha yule aliyemdhulumu.

Miaka mitatu baadaye swali lilihamia Kongwa, mashariki ya Dodoma. Huko Waingereza walikuwa wameanzisha mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947. Ukame na udongo mgumu ukawashinda, na mwaka 1951 wakaufunga. Mwaka 1964 wapigania uhuru wakapewa mahali pa kambi katika eneo hilohilo: ANC ya Afrika Kusini, FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia na wengineo. Samora Machel wa FRELIMO alikaa Kongwa. Chris Hani wa ANC naye alikaa Kongwa. Karibu wapiganaji wote wa kambi ile walikuwa weusi, waliokimbia tawala zilizowadharau kwa weusi wao. Kama rangi ingetosha, Kongwa ingekuwa kwao tangu siku ya kwanza.

Haikutosha. Mtu wa Transkei na mtu wa Ovambo walikutana kila mmoja na lugha yake, na Mgogo, mwenyeji wa pale, aliyewatazama hakuelewa hata salamu zao. Ndani ya vyama vyenyewe vya ukombozi yalizuka manung'uniko ya upendeleo wa kikabila. Undugu wa watu weusi ulikuwa ahadi njema, ila ahadi haijitimizi yenyewe. Yaliyoitimiza, pale ilipotimia, ni mazoea ya kila siku: Kiswahili cha kuulizia njia na kununulia unga, urafiki na majirani, mapenzi na wanawake wa Kigogo, watoto.

Basi huenda jibu ni lugha? Ziko sababu za kuamini hivyo. Katika Bunge pale Dodoma, mbunge wa Pemba, wa Kigoma na wa Newala wanabishana siku nzima kwa Kiswahili, kila mmoja na lafudhi ya kwao, bila mkalimani. Nchi nyingi za bara hili hazijalifikia hilo, na sisi tumelizoea mno hata hatulishukuru.

Hata hivyo lugha nayo hujengewa ngazi. Frantz Fanon, mzaliwa wa Martinique, alifungua kitabu chake cha mwaka 1952 kwa sura inayomhusu mtu mweusi na lugha, akaonyesha jinsi mtu wa kisiwani kwake alivyohesabiwa kuwa bora kadiri alivyokikaribia Kifaransa cha Ufaransa. Ngazi ile ilisimamishwa na ukoloni. Yetu tunaisimamisha wenyewe, weusi kwa weusi: Kiingereza juu, Kiswahili cha mjini katikati, Kigogo chini kabisa. Kijana wa Mpwapwa au Bahi hufika chuo kikuu akajifunza haraka kuificha lafudhi yake, maana amekwisha kuchekwa. Akienda kwenye usaili, hupimwa kwa Kiingereza chake kabla ya kupimwa kwa anachokijua. Akirudi kijijini na maneno ya mjini, huambiwa anajidai. Kote huko hana tofauti ya rangi na wanaomhukumu.

Watu huwaona wenye ndimi nyingi kama wanaojificha. Mimi sikubali. Katika soko la mahindi la Kibaigwa, kando ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, mama muuzaji humwamkia bibi aliyekuja na gunia lake, "Mbukwenyi," akamuuliza kwa Kigogo habari za nyumbani, mmoja mmoja. Papo hapo humgeukia dereva wa lori, akapatana naye bei kwa Kiswahili cha Dar es Salaam kisicho na mzaha. Hakuna pale aliyedanganywa. Mama ni yuleyule; amempa kila mtu heshima inayomfaa. Kosa humwangukia msikilizaji anayeudhani usemi mmoja kuwa ndiyo akili na mwingine kuwa ndiyo ujinga.

Kwa hiyo mtu huwa wa mahali kwa kitu gani? Nasema kwa kudaiana. Ni wenu yule mnayeweza kumwita kwenye msiba naye akaona haya asipokuja, na ambaye akipatwa na shida mtaona haya msipokwenda. Rangi inaweza kuanzisha uhusiano huo, na lugha huusaidia sana, lakini hakuna kati ya hivyo viwili kinachoweza kukaa mahali pa kudaiana. Namibia ilipokaribia uhuru wake wa mwaka 1990, na Afrika Kusini ilipoelekea uchaguzi wa watu wote wa mwaka 1994, milango ya kurudi nyumbani ilifunguka kwa waliokuwa uhamishoni. Mtoto aliyezaliwa na mpigania uhuru akalelewa na wajomba zake Wagogo ana dai pande zote mbili. Hapaswi kulithibitisha kwa kuongea Kixhosa cha baba yake, wala kulipoteza kwa kuongea Kigogo.

Walimu, wasaili, wakubwa wa ofisi za serikali zilizohamia Dodoma: mji huu mmeukuta na wenyewe. Mtu akisimama mbele yenu na lafudhi ya Kongwa, isikilizeni hoja yake mpaka mwisho, kisha mjibuni kwa hoja. Hiyo ni haki yake.