Nyundo ya Nje, Nyundo ya Ndani

Mjomba wangu hununua mahindi Kitale na kuyauza Bungoma. Msimu wa mavuno hupita barabara ya Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye akiwa na pesa taslimu, kwa sababu wakulima wengine bado hawataki kusikia habari za M-Pesa. Wanataka noti, wazihesabu wenyewe mara mbili. Sasa anataka kuomba cheti kwa Bodi ya Leseni za Silaha, na aina ya bastola ameshaiamua: rivolva fupi ya risasi tano, inayoingia mfukoni. Limebaki swali moja, nalo amenirushia mimi kwa kuwa nilisomea falsafa na, kwa maneno yake, hiyo digrii bado haijatusaidia na kitu. Achukue yenye nyundo nje, au ile ambayo nyundo imefichwa ndani?

Jibu la kawaida ni la mfuko. Nyundo ya nje ina kijipembe kinachonasa kwenye kitambaa ukiichomoa kwa haraka. Iliyofichwa hutoka laini. Sawa. Lakini tofauti inayonisumbua iko kwenye kidole. Yenye nyundo nje unaweza kuikoki kwanza kwa dole gumba, na baada ya hapo triga inataka mguso tu, kama kilo moja na nusu. Iliyofichwa haikokiki. Kila risasi unaivutia triga mwendo mrefu, uzito wa kama kilo tano, mwanzo hadi mwisho.

Mjomba anaipenda ya kwanza, na hoja yake si ya kipuuzi. "Mwizi akisikia ile ka-cha ya kukoki, anatoka mbio. Sitaki kuua mtu, mpwa wangu. Nataka asikie." Anachotaka ni ngazi ya katikati, kati ya kunyamaza na kuua. Namheshimu kwa hilo. Ile nyingine haina onyo la namna hiyo: iko kimya, halafu inalia.

Ila huo mlio nao si kitu kidogo, hasa kwetu huku. Kati ya 2006 na 2008 kundi la SLDF lilipigania mashamba ya Chebyuk kule Mlima Elgon, hadi jeshi lilipoingia na Operesheni Okoa Maisha mnamo Machi 2008. Watu waliteremka wakatafuta hifadhi mijini, Bungoma na Kitale. Mjomba mwenyewe alipangisha baadhi yao vyumba. Mmoja yupo hadi leo, na lango la chuma likibamizwa, mama huyo hukaa chini papo hapo alipo. Kwa hiyo nikiambiwa kwamba kukoki ni kuonya tu, nauliza: ni onyo kwa nani, na linaisha lini?

Halafu kuna kurudi. Umeikoki, mwizi amekimbia, barabara ni tupu. Unafanyaje? Unaishika nyundo kwa dole gumba lenye jasho, unavuta triga ile ile, kisha unaiteremsha nyundo polepole ukiomba isiponyoke. Njia ya kurudi kwenye amani inapitia pale pale pa kuua. Polisi wa Los Angeles waliiona hatari ya kukoki, wakazirekebisha rivolva zao zisikokike tena.

Jambo la mwisho mjomba hakulisema mpaka nilipomsukuma. "Na ikifyatuka yenyewe, si hiyo ni ajali? Mungu anajua." Kanuni ya Adhabu ya Kenya inatenganisha kuua bila kukusudia, kifungu cha 202, na kuua kwa kukusudia, kifungu cha 203. Triga nyepesi humweka mtu katikati ya vifungu hivyo, mahali ambapo hata yeye mwenyewe hawezi kuapa kama alitaka au hakutaka. Triga nzito haina huruma hiyo. Si rahisi kilo tano zivutwe na mshtuko. Zikivutwa, ni wewe umezivuta. Mimi naona hiyo ndiyo sababu ya kuichagua. Ukishaamua kubeba chombo cha kuua mtu, usichague kile kinachokuandalia udhuru mapema. Wakili atanicheka kwamba namshauri mjomba ajinyime utetezi wake. Ndiyo, namshauri hivyo.

Inasimuliwa kwamba D. B. Wesson wa Marekani alitengeneza rivolva yake ya nyundo iliyofichwa, iliyoanza kuuzwa 1887, baada ya kusikia habari za mtoto aliyejipiga risasi. Mjomba ana wajukuu wanne, na wote hupekua makoti yake wakitafuta peremende. Nilipomtajia hao hakubishana. Aliuliza sefu ni pesa ngapi, na kama fundi anaweza kuichimbia ukutani.