Kompyuta Iliyobadilishwa Viungo

Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa kale, alieleza jinsi Waathene walivyoitunza merikebu ya shujaa wao Theseus kwa kuondoa mbao zilizooza na kutia mpya, hata wanafalsafa wakabishana kama bado ni merikebu ileile. Swali hilo halijawahi kuwa geni Masasi, kusini mwa Tanzania, kwa kuwa Askofu Vincent Lucas, aliyeongoza dayosisi hiyo ya Kianglikana tangu 1926, aliondoa baadhi ya sehemu za jando na kuweka ibada za Kikristo mahali pake. Leo linazuka Chiungutwa, huko huko Masasi, katika jambo dogo zaidi, pale kompyuta ya mezani inapobadilishiwa diski, yaani hifadhi ambamo majalada hubaki hata umeme ukikatika.

Jibu lenye nguvu ni kwamba kitu hudumu kwa kile ambacho watu wamekikabidhi, si kwa vipande vyake. Ndiyo maana kunakili majalada hutangulia bisibisi. Baada ya hapo mashine huzimwa na kuchomolewa ukutani, na fundi hugusa chuma kitupu cha kasha ili umeme tuli, yaani chaji inayojikusanya mwilini kwa msuguano, usiunguze saketi; lakini kisanduku cha kugawa umeme hakifunguliwi kamwe, kwani kapasita zake huweza kushikilia chaji ya kuua hata baada ya kuchomolewa.

Fundi anayetupa diski ya zamani bila kunakili yaliyomo amevunja amana, hata kama mashine anayoirudisha inawaka.